Hukuniuliza Mti

"Na mti ni wa nani?"

Niliulizwa swali hilo katika chumba cha kamati ya mikopo mjini Lodwar, mwanzoni mwa mwaka 2013, nami nikacheka. Nilikuwa na shahada ya uchumi wa ardhi na faili niliyoipanga mwenyewe karatasi kwa karatasi, na aliyeniuliza alikuwa mzee aliyeachia shule darasa la saba. Nikamwambia mti ni wa ploti, na ploti ni ya anayeinunua. Hakubishana. Aliifunga faili yangu, akaiweka chini ya kiwiko chake, akaomba chai.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaoliona paa la duka kwenye simu kabla hamjalifikia, huenda mkadhani nawasimulia mambo ya kale. Si ya kale. Sijafika hata hamsini. Niliacha kazi mapema kwa sababu mgongo wangu ulistaafu kwanza, nao ulistaafia barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, ambayo siku hizo ilikuwa lami kwa jina tu. Lakini swali la mti mtaulizwa, kwa maneno mengine na mahali pengine, nami ningependa msicheke.

Nilifika Turkana nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilitoka Bungoma, au kama walivyosema majirani zangu wa Lodwar, nilitoka Kenya. Kila niliporudi likizo waliniuliza Kenya kukoje, na ilinichukua muda kujua kwamba si wote waliokuwa wakifanya mzaha. Kazi yangu, katika chama kimoja kidogo cha akiba na mikopo, ilikuwa kukagua majengo ya biashara ambayo wanachama walitaka kuyanunua: chumba cha kinyozi, duka la nafaka, bucha. Nilikuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Kwa nini wadhamini watatu na si wawili? Kwa nini fomu inataka kujua dini ya mtu? Kwa nini tunamwamini haraka mwanamume aliyevaa koti kwenye joto lile? Wenzangu wakanibandika jina la Kwanini, na mpaka leo kuna watu Lodwar wasiojua kama nina jina lingine.

Aliyeniuliza habari za mti ndiye aliyekuwa msimamizi wangu, Bwana Ekiru, Mturkana wa Lokitaung, mtu wa maneno machache na viatu vya akala, vya matairi. Alikuwa na tabia moja. Tukifika kwenye jengo linalouzwa, hakuingia mlangoni. Alifunga mikono mgongoni na kuzunguka nyuma ya jengo kwanza, peke yake, taratibu. Mara ya kwanza nilidhani anakwenda haja ndogo, nikageuka upande wa pili kwa adabu. Mara ya tatu nikamuuliza kwa nini.

"Mbele ni uso," alisema. "Uso kila mtu anaosha. Mgongo je?"

Sikuona maana yake. Niliona nimejifunza njia bora zaidi chuoni, yenye utepe wa kupimia.

Utepe ule uliniaibisha mapema. Mwanachama mmoja alitaka kununua bucha karibu na soko la Lodwar. Nikafika saa saba mchana, nikamkuta muuzaji amesimama barazani, tukasalimiana, ejok, ejok, nikaanza kazi. Nilipima baraza, nikapima chumba, nikagonga kuta kwa ngumi, nikasifu sakafu. Mwenye duka alinitazama bila neno. Alikuwa mtu wa heshima. Muuzaji naye alinitazama bila neno. Nadhani alifikiri ndivyo tunavyofundishwa chuo kikuu. Nilipomaliza, akaniuliza kwa upole kama sasa ningependa kuiona bucha yenyewe. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, imepigwa na jua. Yeye alikuwa amesimama kwenye baraza la jirani, yule mwenye duka, kwa ajili ya kivuli. Saa saba, Lodwar, mtu hasimami kwenye mali yake. Anasimama penye kivuli. Mngedhani baada ya siku ile ningekuwa nimejifunza kitu kuhusu kivuli. Sikujifunza.

Niwaeleze kidogo jinsi tulivyokopesha, maana mtashangaa. Ploti nyingi za miji yetu hazikuwa na hati miliki. Kulikuwa na barua ya kugawiwa ploti, risiti za kodi ya kila mwaka, mchoro wa kalamu, na maneno ya majirani. Ukiwa na hivyo tu huwezi kuliegemea jengo, unawaegemea watu. Mnunuzi alete nusu yake kutoka akiba, sisi tutoe nusu, na wadhamini wasimame nyuma yake. Msichukue wadhamini watatu walimu wa shule moja. Mimi nilichukua, na barua za uhamisho zikawafikia wote wiki moja. Na mlinganishe jina la kwenye barua na la kwenye kitambulisho. Mzee wa Kiturkana anaweza kuwa na jina la kanisani, jina la nyumbani, na jina la dume lake la ng'ombe alipendalo. Nimewahi kuona ploti iliyogawiwa dume.

Basi, Mama Bosibori.

Alikuwa Mkisii wa miaka hamsini na minne, fundi cherehani. Alifika Kakuma akimfuata mumewe mwalimu. Mume alipostaafu akarudi Kisii kwenye shamba lake la chai, na mama akakataa kumfuata. Alikuwa na cherehani nne katika duka la mabati upande wa mjini, karibu na laga, ule mto mkavu wa Tarach. Alishona sare za shule, lakini jina lake lilitoka kwenye kambi ya wakimbizi: alikuwa akishona magauni ya kwaya za makanisa ya Wasudani Kusini, na kwaya zile zilishindana kwa rangi kuliko kwa nyimbo. Duka hakuwa nalo. Alilipanga kwa Mzee Lopeyok kwa miaka kumi na moja.

Mwisho wa 2012 kila mtu Turkana alikuwa akizungumza mafuta yaliyogunduliwa na serikali ya kaunti inayokuja. Mzee Lopeyok akaamua kuuza duka la Kakuma ili anunue ploti Lodwar kabla ya uchaguzi, kabla bei hazijapanda kupita mkono wake. Mfanyabiashara mmoja wa jumla alikuwa tayari na pesa taslimu. Alitaka kuligeuza duka kuwa ghala la unga. Lopeyok, kwa kuheshimu miaka kumi na moja, alimpa mpangaji wake nafasi ya kwanza: mpaka mwisho wa Januari. Baada ya hapo, cherehani zingetoka nje.

"Miaka kumi na moja nimepamba mabati ya mtu," Mama Bosibori aliniambia siku ya kwanza nilipomtembelea. "Madam wa loni, mimi sitafuti utajiri. Nataka kupigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa."

Nusu yake ilikuwa tayari. Nikapima ploti asubuhi moja. Mbele, duka. Nyuma, uwanja wenye uzio wa miiba na lango la bati, na humo mgunga mmoja mkubwa. Nikaandika katika ripoti: *nyuma pako wazi, mti mmoja*. Nikapendekeza mti ukatwe, vyumba viwili vya kupangisha vijengwe pale, na kodi ya vyumba hivyo ilipe mkopo. Niliongeza, kwa fahari kubwa, kwamba kuni za mti zingelipa vibarua. Mama Bosibori alipousikia mpango aliutazama mti, kisha akasema mimi ndiye niliyesoma. Hilo nalo lingepaswa kunishtua.

Faili ile ndiyo iliyofungwa chini ya kiwiko cha Bwana Ekiru. Zilibaki siku tisa.

Nilikasirika. Nilifikiri ni mambo ya ushirikina, na njia nzima ya kwenda Kakuma siku iliyofuata niliyapanga maneno ya kumjibu atakaponiambia kuhusu mizimu. Tulipofika alifunga mikono mgongoni, akazunguka nyuma, na mara hii akaniita.

Alinionyesha mambo matatu ambayo nilikuwa nimeyaona na sikuyaona. Chini ya mti pamefagiwa, duara safi. Shina limezungushiwa matawi ya miiba. Na katikati ya matawi ya juu kumetundikwa fimbo ndefu yenye kulabu.

"Nani anafagia?" akauliza.

Nilikuwa nimedhani ni Mama Bosibori, na hata nilimpa sifa ya usafi katika ripoti. Mama mwenyewe akacheka. Akasema ni mama mzee mmoja, Mama Akai, anayekuja kila kiangazi kutikisa maganda ya mgunga kwa ajili ya mbuzi wake. Wamekunywa chai pamoja miaka yote hiyo. Sikumuuliza kwa nini hakunieleza. Nilijua angesema sikumuuliza.

Hapo ndipo Bwana Ekiru aliponieleza, kwa sentensi chache, jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza. Kando ya mito ya Turkana kila familia ina kipande chake cha miti, wanakiita ekwar. Maganda ni yao na kivuli ni chao, na hakuna anayegusa tawi bila wao. Mji ulikuja baadaye, ukajengwa juu ya vipande hivyo. Barua za ploti zikatoka. Ardhi ikapata wenyewe wapya, lakini miti haikuandikiwa barua, kwa hiyo ilibaki na wenyewe wa zamani.

Nikataka Mzee Lopeyok aitwe. Alikuja polepole na kigoda chake mkononi, akakaa. Nikamwambia, kwa sauti ambayo leo naionea haya, kwamba alituficha.

"Wewe uliuliza mimi ploti," alisema. "Ukauliza risiti. Ukauliza mpaka. Ukauliza mimi niko na bibi wangapi. Hukuniuliza mti." Akanitazama kama anayenihurumia. "Na mti si yangu. Nikikuuzia hiyo, si ni wizi?"

Alisema kweli. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Kwake yeye lilikuwa jambo la wazi mno kulitaja, kama vile muuza nyumba asivyotaja kwamba haiuzi na mbingu iliyo juu yake.

Lakini hesabu yangu ilikuwa imekufa. Bila vyumba viwili, mkopo haukuwa na miguu. Nikaenda kumwambia Mama Bosibori. Ilikuwa saa sita, na nikamkuta anabeba cherehani. Mafundi wake walikuwa wameshatoa tatu. Fundi wa mwisho alikuwa ametangulia na meza kichwani. Zote zilikuwa zikipelekwa nyuma.

Nikauliza kwa nini.

"Ndani saa hii?" Mama alisema. "Ingia wewe."

Niliingia. Sijui nilikaa muda gani, ila nilitoka nikiwa nimeloa, na mkono niliouegemeza kwenye bati ulikuwa na alama. Nyuma, chini ya mgunga, watu sita wa kwaya moja walikuwa wameketi wakingoja kupimwa, na mmoja wao, aliyekuja kusindikiza tu, alikuwa akichagua kitambaa. Nikakaa nao. Nikatoa daftari na safari hii nikauliza maswali ambayo hayakuwa kwenye fomu. Wanakaa hapa tangu saa ngapi? Tangu saa sita hadi saa kumi na nusu. Kila siku? Isipokuwa mvua, na mvua Kakuma, madam, unaijua. Kazi nyingi zaidi hushonwa ndani au hapa? Mafundi walitazamana kama watu walioulizwa kama maji ni maji.

Nilikuwa nimepanga kukata chumba kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Liwekeni hili mahali mtakapoliona: kabla ya kuuliza biashara inauza nini, ulizeni mwenyewe anakaa wapi saa nane mchana. Nilifanya hesabu upya palepale. Bila vyumba vya kupanga, lakini pamoja na cherehani mbili zaidi chini ya mti kwa mafundi wa kambini ambao walikuwa na kazi na hawakuwa na mahali. Mkopo mdogo kuliko wa kwanza, muda mrefu kuliko wa kwanza. Mzee Lopeyok akakubali kungoja sehemu ya mwisho miezi sita, na barua abaki nayo hadi hapo. Alisema Lodwar haikimbii, ingawa wote tulijua kwamba mwaka ule Lodwar ilikuwa ikikimbia sana.

Akabaki Mama Akai.

Alikuja kesho yake na mbuzi kumi na kitu, mrefu, mkavu, shanga zimejaa shingo hadi kidevuni. Majirani walikuwa wameshasikia, wakasimama kando ya uzio. Bwana Ekiru alimweleza kwa Kiturkana kwamba duka linabadilisha mwenyewe na mti hautakatwa. Nami nikatoa karatasi niliyoiandika usiku na kidau cha wino ili aweke kidole. Aliitazama karatasi kwa heshima. Kisha akauliza, na Bwana Ekiru akatafsiri, karatasi hiyo itakaa wapi.

Nikasema Lodwar, katika faili.

Akauliza lango liko wapi.

Hakungoja jibu. Alinyoosha kidole. Kwenye lango la bati, ambalo miaka yote lilikuwa likifungwa kwa waya, palining'inia kufuli jipya. Mama Bosibori alikuwa amelinunua siku ileile aliposikia kuna uwezekano wa mkopo. Lilikuwa bado na karatasi yake. Mama Akai alikuwa ameliona kabla yetu sote.

Hakutaka karatasi. Alitaka ufunguo.

"Ufunguo?" Mama Bosibori alisema. "Aki, na vitambaa vyangu? Mbuzi akila gauni la kwaya, nitaenda kumwambia pasta nini?"

Bwana Ekiru akatafsiri, uso wake mkavu. Mama Akai akajibu, na majirani wakacheka kabla sijaelewa.

"Anasema mbuzi zake hazili nguo," Bwana Ekiru akaniambia. "Anasema zina mahali zilisomea."

Kicheko kikaisha. Mama Bosibori alisimama na utepe wake shingoni. Nilijua anachofikiri, maana nilikuwa nikifikiri hicho hicho: miaka kumi na moja akingoja mlango wake mwenyewe, na siku ya kuupata, anatakiwa kumkabidhi mtu mwingine ufunguo. Nilitaka kumwambia akatae. Nilitaka pia kumwambia zimebaki siku saba.

Mama Bosibori akaingia ndani. Alikaa huko muda. Akatoka na ufunguo, akautoa kwa mikono miwili mbele ya wote, akapiga goti kidogo kama anavyomsalimia mama mkwe. Mama Akai akaupokea, akaufunga kwenye uzi wa shanga zake, akachukua fimbo yenye kulabu, akaanza kazi. Maganda yakamwagika juu ya viatu vyangu.

Kwenye ripoti mpya, mahali pa dhamana, baada ya hisa na wadhamini na cherehani, Bwana Ekiru aliongeza kwa mkono wake: *mwenye mti ana ufunguo*. Nikamuuliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza alinijibu kwa urefu. Alisema duka la mabati linaweza kung'olewa wiki moja likauzwa bati moja moja, au likauzwa mara mbili kwa watu wawili, na sisi tuko Lodwar hatujui. "Lakini huyu mama akiona bati moja imetoka, atapiga kelele mpaka Lokichoggio. Sasa tuko na mlinzi ambaye hatulipi." Kamati ikapitisha zikiwa zimebaki siku mbili. Yule mfanyabiashara wa unga alinunua kwingine.

Siku barua ilipobadilishwa jina, Mama Bosibori alichukua nyundo, akapigilia msumari mmoja ukutani. Hakuwa na cha kutundika.

Nilimtembelea kila kiangazi mpaka alipomaliza kulipa. Kila nilipofika asubuhi, lango la nyuma lilikuwa wazi, na mama akisema, "Nimeshamfungulia. Mzee wa watu, sitaki ahangaike na kufuli." Niliiandika tabia hiyo katika ripoti zangu. Niliwasomea maafisa wapya, mfano wa mteja anayetimiza ahadi kuliko alivyoahidi. Nilisema mbele ya watu wengi kwamba mkopo ule ulisimama juu ya ufunguo.

Mama Akai alifariki nilipokuwa nimeshaacha kazi. Baadaye nilikutana Lodwar na binti yake, Esther, mwalimu, tukawa tunamkumbuka mama yake, nikamwambia habari za ufunguo. Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Kisha akaniambia kwamba ufunguo ule ulikuwa wa sanduku la nguo. Mama yake aliujaribu kwenye kufuli siku ileile, sisi tulipokwisha kuondoka, na haukuingia hata kwenye tundu. Hakuurudisha, wala hakumwambia Mama Bosibori kwamba anajua. Aliuvaa shingoni miaka minane.